Mtoto wako anavua kwa mkuki? Angalia saa anazoingia majini

Kijijini kwa mama, nje kidogo ya mji wa Morogoro, Mto Ngerengere unapunguza mwendo na kutengeneza dimbwi pana chini ya mikuyu. Wanaovua hapo wamegawanyika makundi mawili.

Kuna watu wa ndoano. Wengi ni watu wazima, wakiwemo wafanyakazi wa mjini wanaokuja Jumapili na fimbo za dukani zenye gurudumu la kukunjia mshipi. Na kuna watu wa mkuki, ambao karibu wote ni wavulana wa kati ya miaka 9 na 16. Mkuki ninaousema si ile bunduki ya mshale inayokatazwa na kanuni za uvuvi. Huu ni ufito wa mwanzi uliofungwa ncha ya nondo, na shabaha yake ni kambale aliyelala kwenye matope.

Makundi haya hayapatani kirahisi. Mtu wa ndoano anataka maji yatulie na watu wanyamaze. Mtu wa mkuki lazima aingie, maji yamfike mapajani, apapase kwenye majani mpaka samaki atoke. Mwaka juzi walifika mahali pa kutukanana, na mshipi wa mtu ukakatwa. Mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na dimbwi, sote tunamwita Babu, akawakalisha chini na kugawa saa. Ndoano wavue kuanzia alfajiri hadi saa 4 asubuhi, warudi tena saa 10 jioni. Katikati hapo, dimbwi ni la mkuki.

Ukiwa mvuvi utaona ni mgawanyo wa haki kabisa. Jua likiwa kali samaki hali chambo vizuri, kwa hiyo mwenye ndoano hapotezi kitu. Na mwenye mkuki anahitaji jua la utosini ndipo amwone samaki. (Wavulana watakufundisha pia kwamba usimlenge samaki pale unapomwona, lenga chini yake, maana maji yanamwonyesha juu kuliko alipo. Mwalimu wangu wa fizikia alihangaika wiki mbili kutuelewesha jambo hilo.)

Mimi naandika habari za afya, na nilipoyasikia makubaliano hayo kwa mara ya kwanza nilihesabu saa zile vidoleni. Saa 4 hadi saa 10. Hizo ndizo saa za kichocho.

Wazazi wengi tunajua kwamba kichocho kinatoka kwenye maji machafu, tunaishia hapo. Lakini kina utaratibu wake. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa mtoni, mayai ya minyoo yanapasuka majini na vijidudu vinavyotoka vinaingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Humo vinakua na kuongezeka kwa wiki kadhaa, kisha konokono anaanza kutoa vijidudu vingine vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Na konokono hao hawatoi vijidudu usiku na mchana kwa kiasi kilekile. Mwanga na joto ndivyo vinavyowasukuma, kwa hiyo kwa kichocho cha binadamu maji huwa na vijidudu vingi zaidi kuanzia asubuhi jua likishapanda, kupita adhuhuri, hadi alasiri.

Sasa tazama dimbwi letu. Mtu mzima wa ndoano amekaa ukingoni, miguu mikavu, saa 12 asubuhi. Mtoto wa mkuki amesimama ndani ya maji, kwenye majani wanakoishi konokono, saa 7 mchana, kwa saa nzima au zaidi. Wanagawana samaki wa dimbwi moja, lakini ugonjwa unabaki upande mmoja.

Watu wa milimani huniambia wao wameoga mtoni tangu utotoni na hawajawahi kuugua. Inawezekana kabisa. Vijito vinavyoteremka Uluguru vina kasi na ubaridi, na konokono hawa hawapendi maji yanayokimbia. Maji hayohayo yakifika bondeni yanatulia, yanapata joto na kuota majani, na hapo hadithi inabadilika. Kwa hiyo mtoto aliyekulia juu anaposhuka kwa bibi likizo asidhani ni maji yaleyale.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 11. Likizo ya Juni mwaka jana alikuwa bingwa wa mkuki. Mwezi wa Oktoba dada alinipigia simu usiku akisema mtoto anakojoa damu mwishoni mwa mkojo na alikuwa amelificha jambo hilo kwa siku nyingi. Kwa nini alificha? Wenzake walimwambia ndivyo inavyokuwa mvulana akianza kukua. Nimeisikia kauli hiyo mahali pengi nilikokwenda kikazi, na inanitisha kuliko konokono. Mtoto asiyeachwa atibiwe anaweza kuharibika kibofu na figo, na wasichana wanaochota maji na kufua kwenye madimbwi hayo wanaweza kupata vidonda ukeni ambavyo wakubwa huvidhania magonjwa ya zinaa.

Alipimwa, mayai yakaonekana, akapewa praziquantel. Ni vidonge vilevile wanavyogawiwa watoto shuleni kwa kupimwa urefu wao. Alikula ugali kwanza, kwa sababu dawa hii ikimezwa tumbo likiwa tupu inachefua sana. Damu ilikoma.

Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno. Kwa hiyo dada hakuniomba ushauri, aliniagiza. "Nenda kaongee na Babu."

Nilikwenda. Nikamwamkia, nikakaa, tukaongea kwanza habari za mahindi. Nilipomweleza habari ya saa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi niligawa samaki. Konokono sikuwaona." Nikamuuliza kama watoto wanaweza kupewa asubuhi na ndoano wakachukua mchana. Akacheka. Asubuhi mkuki hauoni kitu, jua limelala juu ya maji. Na watu wa ndoano wasingekubali kukaa na jua la saa 8 bila samaki. Alikuwa sahihi, na mimi sikuwa na jibu la haraka.

Tukabaki na njia moja, watoto wahamie kwenye ndoano. Mshipi, ndoano na nyungunyungu wa kwenye shamba la migomba havimshindi mzazi yeyote. Ugumu ulikuwa kwa wakubwa. Ukingo mzuri ni mfupi, labda hatua 40, na wale wa fimbo za dukani hawakutaka watoto kumi wanaocheka na kurusha mawe karibu nao. Mmoja aliniambia wazi, "Bro, mimi natoka mjini kutafuta utulivu." Nilimwelewa. Lakini nilimwambia pia kwamba utulivu wake wa asubuhi unalipiwa na watoto mchana. Hakupenda, na tangu hapo salamu zetu ni fupi.

Babu alimaliza kwa namna yake. Alikata majani upande wa mkuyu mkubwa, akaweka gogo la kukalia, akatangaza kwamba hatua 15 za pale ni za watoto saa zote, na mtu mzima asiweke fimbo. Anayetaka mkuki achome akiwa juu ya gogo au jiwe, miguu nje ya maji. Wakubwa kati ya wavulana wanakaidi, bado nawaona ndani ya maji saa 7. Wadogo wengi wametii, hasa wale ambao mama zao wanawapitia.

Kama wako ni wa kukaidi, mambo haya yatakusaidia. Mpeleke akapimwe mkojo, na mpeleke kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Sampuli ya alfajiri inaweza kukudanganya. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, haiui michanga, kwa hiyo aliyeingia majini wiki iliyopita akipimwa leo anaweza kuonekana mzima. Arudi baada ya miezi miwili au mitatu. Pia dawa si kinga. Akirudi dimbwini anaambukizwa upya, hata kama jana alimeza vidonge shuleni. Na mwambie, mbele ya rafiki zake ikiwezekana, kwamba damu kwenye mkojo wa mvulana si ukubwa.

Mpwa wangu amepimwa tena Januari, yuko safi. Kwenye ndoano hafanyi vizuri. Mpaka sasa ana perege wawili, wote wadogo kuliko kiganja, na analalamika kwamba kukaa kimya ni kazi ya wazee.