Pombe Njema na Muuzaji Wake Mjini

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli kamili kijijini, ambako mgema hujulikana kwa jina lake, na minazi anayoigema hujulikana pia. Mjini mambo huenda kinyume. Aghalabu kibaya ndicho chenye taa na muziki barabarani, na chema kimejificha nyuma ya ua ambao mgeni hawezi kuufika bila ya kuelekezwa. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi tulivyotafuta pombe njema katika jiji la Dar es Salaam, na mafunzo tuliyoyapata kwa kazi hiyo. Twajua kwamba wananchi wenzetu wengi wamekatazwa vileo na dini yao, na wengine wamejikataza wenyewe. Hatuna nia ya kumshawishi yeyote kati yao. Tutakalolisema linahusu uaminifu baina ya anayetoa kinywaji na anayekipokea, na jambo hilo linamgusa hata anayekunywa maji.

Kijana wa ukoo wetu alikuwa akiposa. Wazazi wa binti walikuwa wenyeji wa Kilimanjaro kama sisi, lakini makao yao yalikuwa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Baba mkubwa wa kijana aliteremka kutoka Rombo kuja kuiongoza posa, na mara tu alipokwisha kupumzika aliuliza, "Mbege iko wapi?" Tulimjibu kwamba vinywaji vyote vingenunuliwa dukani. Mzee alitutazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, bia huletwa na rafiki. Mwenye kuposa huleta mbege." Hatukuwa na la kujibu. Kwa mila zetu, mbege haipelekwi kwa wakwe ili kuwafurahisha tu. Hiyo ndiyo kauli ya ukoo mzima, na ikiwa mbaya, basi ukoo umesema vibaya.

Kwa ajili ya wasomaji wa sehemu nyingine za nchi, yafaa tueleze mbege ni kitu gani. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu hata zikageuka rangi, kisha huachwa katika pipa kwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa na kuoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji huo, na magome ya mti uitwao msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Baada ya kuchanganywa, mbege ina umri mfupi: leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Ndiyo maana hatukuweza kuileta kutoka Rombo kwa basi. Katika joto la njiani, dumu lililofungwa hufura, na kilichomo hufika kikiwa kimeharibika. Ilitubidi tumpate mpishi humu humu jijini.

Siku ya kwanza tulipita katika maduka ya vinywaji, yale ambayo watu wa mjini huyaita grosari, kwa kuwa wageni wengine wangehitaji vya chupa. Hata huko tuliona kwamba maduka hayalingani. Katika duka moja makreti ya bia yalikuwa yamepangwa nje, juani, tangu asubuhi. Mwanga wa jua huiharibu bia hata ikiwa ndani ya chupa ya rangi ya kahawia, na chupa nyeupe au ya kijani haiilindi hata kwa kiasi hicho. Bia iliyopigwa jua hutoa harufu mbaya mara inapofunguliwa. Humo humo mvinyo wa Dodoma ulikuwa umesimamishwa dirishani kama pambo. Twausikitikia mvinyo huo, kwani una historia ya jasho. Mizabibu ilipandwa Bihawana na wamisionari, na tangu hapo wakulima wa Ugogo wameikuza katika ardhi kame ambayo watu wengi waliidharau, wakivuna mara mbili kwa mwaka. Kazi yote hiyo huharibiwa na muuzaji mmoja asiyejua kwamba mvinyo hutaka kivuli na ubaridi.

Katika duka la pili tulimkuta kijana aliyetuonyesha bila ya kuulizwa tarehe ya mwisho wa matumizi, na stempu ya kodi juu ya kifuniko. Stempu za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2019, na mnunuzi akizikosa kwenye chupa ya pombe kali ana haki ya kuuliza chupa hiyo imetoka wapi. Tulinunua kwake tulivyohitaji. Mzee alimwuliza, "Mjukuu wangu, na mbege je?" Kijana alicheka akasema, "Babu, hiyo haina stempu. Hiyo inataka umjue mtu."

Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani mwenyewe. Pombe zetu za asili ziliondolewa barazani kwa makusudi. Mwaka 1933 kiwanda cha bia kilipoanzishwa Dar es Salaam, kinywaji chake hakikukusudiwa kwa Mwafrika. Kuhusu pombe kali, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kutia sahihi mkataba wa mwaka 1919 uliozuia zisiuzwe kwa wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika aliachiwa "pombe ya kienyeji", nayo iliwekewa leseni, saa na mahali maalumu pa kuuzia, na ushuru wake ukaingia katika mifuko ya serikali za mitaa. Hivyo watu wetu walifundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba cha chupa ni cha heshima, na kwamba cha kata ni cha kificho. Uhuru ulipokuja tulizifuta sheria za ubaguzi, lakini kasumba hiyo haikufutika kwa kalamu. Hata leo, mtu anayeona fahari kumpa mgeni chupa ya kutoka ng'ambo huona haya kumpa ulanzi wa Iringa, au wanzuki wa Tabora, au tembo la mnazi la pwani.

Siku ya pili tulielekezwa kwenye kilabu kimoja pembezoni mwa jiji. Watu walikuwa wengi, na mapipa yalikuwa mengi. Tuliagiza kata moja tuionje. Muuzaji aliijaza akamkabidhi mzee, akageuka kumhudumia mwingine. Mzee hakunywa. Alisubiri muuzaji aliporudi, kisha akamwambia, "Mwanangu, onja kwanza." Muuzaji alishangaa, akasema kwamba yeye hanywi kazini. Mzee aliiweka kata mezani, akalipa, tukaondoka.

Njiani mmoja wetu alinung'unika kwamba tumepoteza fedha kwa ajili ya ada iliyopitwa na wakati. Mzee hakukasirika. Alieleza kwamba katika kijiji chao mwenye pombe hunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, na maana yake ni kusema: kilichomo humu kikikuua wewe, kitaniua na mimi. Tulinyamaza, maana kila mmoja wetu alimkumbuka jirani yetu wa zamani, fundi viatu, aliyekunywa gongo jioni moja kwa mtu asiyemjua, akaamka asubuhi haoni. Sumu iitwayo methanoli, ikiwamo katika pombe kali, haina rangi wala ladha ya kumwonya mnywaji. Huyaua macho kwanza, kisha roho. Mwaka 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Wala pombe za nafaka hazina kinga ya daima: huko Chitima, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa Januari 2015 kwa pombe ya msibani, na uchunguzi uligundua kwamba unga uliotumika uliingiwa na vijidudu vyenye kutoa sumu. Bahati mbaya ile ilimkumba hata mpishi mwenyewe. Kwa hiyo kuonja peke yake hakutoshi. Usafi wa chombo na uzima wa nafaka ni lazima. Lakini asiyethubutu kuonja, au asiyeona sababu ya kuonja, amekwisha kutuambia habari zake.

Siku ya tatu tulikwenda Mabibo, mahali panapoitwa Mahakama ya Ndizi, ambako malori hushusha ndizi kutoka mikoani. Mzee alisema kwamba anayepika mbege atakuwa ananunua ndizi, na anayeuza ndizi atamjua. Ndivyo ilivyokuwa. Wauzaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walitutajia mama mmoja anayechagua mikungu yake mwenyewe na asiyekubali ndizi zilizopondeka. Tulimfuata hadi kwake. Ua ulikuwa umefagiwa, mapipa yalikuwa yamefunikwa, na ulezi ulikuwa umeanikwa juu ya mkeka safi.

"Shikamoo baba," alimwamkia mzee.

"Marahaba mwanangu. Tumesikia una mbege."

"Leo sina, baba."

Kijana wetu mmoja alilionyesha kwa kidole pipa lililokuwa kando. Mama alitikisa kichwa. "Ile ni ya juzi. Imekwisha kuwa kali. Wapo wanaoipenda hivyo, nao huja jioni, lakini ninyi siwapi. Ninawaona mmekuja na mzee. Hii ni ya kunywa, au ni ya kazi?"

Mzee alijibu kwamba ni ya posa. Mama aliketi, akauliza siku, akahesabu kwa vidole. Ndizi zilizokuwa pipani zilikuwa na siku ya tatu. Angechanganya usiku wa kuamkia Jumamosi, nasi tungefika alfajiri. Alikataa kupokea malipo yote, akachukua fedha za ulezi tu. Tulipoondoka mzee alisema, "Huyu ndiye. Amenikatalia."

Tumelifikiri sana neno hilo tangu siku ile. Tulikuwa tumekwenda huku na huko tukitafuta mahali pa kuuziwa, na mwema tulimtambua kwa kukataa kutuuzia.

Jumamosi alfajiri tulimkuta amekesha. Kabla ya kufunga ndoo alichota kidogo kwa kata, akanywa mbele ya mzee, wala hakuambiwa. Mzee alipokea kata ile ile akanywa, akafumba macho, akasema neno moja la Kichaga ambalo hatutalitafsiri. Huko kwa wakwe, baba wa binti alipopewa kata baada ya mzee wetu kuonja, alikaa kimya kwa kitambo, kisha akamwita mkewe aje naye aonje. Wageni wasiokunywa kileo walipewa togwa, nayo ilitangulia kuonjwa na mama mwenyewe wa nyumba. Posa ilikubaliwa. Hatusemi kwamba ilikubaliwa kwa sababu ya mbege. Lakini twajua kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kututilia shaka.

Tangu wakati huo, watu wanapotuuliza wapi pa kupata kinywaji kizuri mjini, hatuwapi jina la mtaa, kwa kuwa mitaa hubadilika na wauzaji huhama. Twawaambia watazame mambo machache. Je, bidhaa imewekwa kivulini? Je, muuzaji ajua imetoka wapi na imefika lini? Je, vyombo ni safi, na yeye mwenyewe yuko tayari kunywa anachokuuzia? Na zaidi ya yote, je, amewahi kukuambia, "Leo sina"? Kisha twawaonya kwa methali ya pili ya wahenga: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wajibu wetu sisi wanunuzi ni kuendelea kuonja, na kuendelea kuuliza, hata kwa yule tuliyemzoea. Mama yule wa Mabibo hakuchukia tulipomwuliza mara ya pili, wala mara ya kumi. Kila tulipofika, alichota kwanza akanywa yeye.