Mti Uliopukutika Majani

Katika nchi za Ulaya majira ya baridi huja na ukimya wake. Mchana huwa mfupi, ardhi hushikwa na jalidi, na miti mingi hupukutisha majani yote ikasimama mitupu, kama isimamavyo mibuyu ya Pwani na Ukambani katika miezi isiyo na mvua. Mgeni aionaye mara ya kwanza hudhani imekufa. Lakini akilitazama tawi kwa karibu ataona vifundo vidogo vilivyofungika sana. Humo ndimo yalimo majani ya mwaka ujao. Yalianza kuumbwa tangu siku za joto, nayo yangoja wakati wake.

Mti wa namna hiyo ndio uliomgeuza Nicolas Herman, kijana wa Lorraine aliyeishi katika karne ya 17. Alikuwa na umri wa miaka 18, wala hakuwa mwanachuoni. Siku moja ya baridi aliutazama mti usio na jani hata moja, akafikiri ya kuwa baada ya muda si mrefu utarudishiwa majani, kisha maua, kisha matunda. Hapo akauona uweza wa Mungu na jinsi avitunzavyo viumbe vyake. Na neno hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Hata hivyo njia yake haikuwa nyepesi. Alikuwa askari, akajeruhiwa, akabaki kilema wa mguu. Baadaye alikuwa mtumishi wa nyumbani, na mwenyewe alikiri kwamba mikono yake ilikuwa mizito, huvunja kila kitu. Mwaka 1640 akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Ndugu Laurent wa Ufufuo. Kazi aliyopewa ni ya jikoni, kazi asiyoipenda kabisa kwa tabia yake.

Humo moyo wake nao uliingia katika majira ya baridi, yakadumu miaka kama 10. Alisali asione faraja. Dhambi zake zilimsonga, akajiona kama mtu aliyetupwa. Hakuacha sala wala hakuacha sufuria zake. Mwishowe alikubali ya kuwa pengine atakaa katika taabu hiyo mpaka kufa, na kwamba hata ikiwa hivyo atazidi kumpenda Mungu. Ndipo ghafula alipojiona amebadilika, roho yake ikatulia kama msafiri aliyefika kwao.

Utulivu huo haukuhitaji mahali pa faragha. Watu walimwita jikoni huku na huku, huyu akitaka hiki na yule kile, naye alikuwa pamoja na Mungu kwa amani ile ile aliyokuwa nayo alipopiga magoti kanisani. Hata mayai aliyoyageuza kikaangoni aliyageuza kwa ajili ya kumpenda Mungu. Habari zake ziliandikwa na padre Joseph de Beaufort, aliyeanza kuzungumza naye mwaka 1666, na zingali zikisomwa.

Wako watu wengi wasemao, "Nitamtafuta Mungu nipatapo nafasi." Wako na wengine ambao huona sala zao zimekauka, nao hudhani Mungu amewapa kisogo. Hao wa pili ndio wahitajio zaidi kumkumbuka mpishi huyu. Mti wakati wa baridi haujitahidi kuchipua, wala hauwezi. Husimama tu pale ulipopandwa, na uhai wake umo ndani. Vivyo hivyo mtu aliyekaukiwa moyo asiondoke mahali pake, bali asimame katika sala yake fupi na kazi yake ya kila siku, akingoja.

Ndugu Laurent alifariki tarehe 12 Februari 1691. Katika mwezi huo miti ya Paris huwa bado haijatoa majani.