Mama Naye Asafiri

Akina mama wenzangu, hebu jiulize: mara ya mwisho ulipopanda basi kwenda mbali, ulikuwa unakwenda wapi? Wengi wetu hapa Songea tutajibu upesi: msibani, hospitali, harusini, au kumpeleka mtoto shule ya bweni. Marehemu mama yangu aliifahamu sana Iringa, lakini aliifahamu kwa sababu dada yake aliugua huko na kufia huko. Sikumbuki hata siku moja aliyopanda gari kwa sababu tu ya kutaka kuona.

Sisi marafiki watano tuliamua kujaribu. Tumefahamiana kwa zaidi ya miaka kumi na tano, lakini urafiki wetu ulikuwa wa kwenye masufuria. Tulikutana tukipika misibani na kwenye sherehe, tukaosha vyombo, tukaagana. Basi tukakubaliana kila mmoja aweke shilingi 10,000 kila wiki kwa mwaka mzima. Mweka hazina wetu ni mwalimu, naye hakumwonea haya mtu. Mpango ulikuwa huu: tupande basi hadi Dodoma, tulitembelee jiji kwa siku mbili, kisha tukodi gari pamoja na dereva kuelekea Kondoa, Babati na Arusha.

Maneno hayakukosekana. "Wanawake wenye waume zao wanakwenda kutafuta nini huko?" Mume wangu hakusema kitu kwa siku tatu. Siku ya nne akauliza swali moja tu: "Na huyu mdogo, nani atampikia uji?" Nikamjibu, "Baba yake." Akacheka, nami nikajua nimepata ruhusa.

Tuliondoka alfajiri moja ya Juni 2025. Njombe ilitupokea kwa baridi yake, tukajifunika khanga mbili mbili. Tukapita Makambako na Iringa, kisha tukateremka hadi Mtera, penye bwawa la Mto Ruaha Mkuu linalotupatia umeme. Kuanzia hapo nchi ilibadilika. Sisi tumezoea kijani na mashamba ya mahindi, lakini hapa tuliona mibuyu, vichaka vya miiba na udongo mkavu. Tulipofika Dodoma usiku, miguu ilikuwa imevimba, lakini hakuna aliyelalamika.

Watoto wetu walijifunza shuleni kwamba mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, kwa kuwa iko katikati ya nchi. Lakini Serikali ilianza kuhamia huko kwa kasi tangu 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kusoma ni jambo moja na kuona ni jingine. Tuliona mji wa Serikali kule Mtumba, zilikojengwa ofisi za wizara, na stesheni ya treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Tulisimama mbele ya Kanisa Kuu la Anglikana lenye kuba lake kubwa. Mtaani tulisimuliwa jinsi tembo alivyozama kwenye matope, na kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo la kuzama. Mizabibu tuliikuta haina matunda, maana haukuwa msimu, lakini tulikula ugali wa uwele kwa mlenda hadi tukasahau kisamvu cha nyumbani.

Bungeni ndipo tulipokaa kimya. Tuliketi sehemu ya wageni, Bunge la bajeti likiendelea. Mwalimu wetu akatunong'oneza kwamba mwanamke wa kwanza kuwa Spika, Anne Makinda, aliyekishika kiti hicho kuanzia 2010 hadi 2015, ni wa Njombe, na aliyekuwa Spika wakati ule, Dkt. Tulia Ackson, ni wa Mbeya. Wote wawili wa Nyanda za Juu Kusini, majirani zetu! Nilimfikiria binti yangu wa darasa la sita, ambaye hukataa kunyoosha mkono darasani hata anapolijua jibu.

Tulipotoka, simu yangu ikaita. Alikuwa mume wangu. Mtoto wetu mdogo alikuwa ameamka na homa kali na alitapika mara mbili. Walikuwa wakielekea hospitali. Mama yeyote anayesoma hapa anajua nilivyojisikia. Zaidi ya kilometa 700 kati yangu na mwanangu! Maneno yote ya majirani yalinirudia masikioni.

Wenzangu walinipeleka Nyerere Square, tukaketi kivulini kusubiri majibu ya vipimo. Hakuna aliyezungumzia tena kutembea. Ndipo mmoja wetu, aliyefiwa na mume miaka mitatu iliyopita, akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Siku mumewe alipofariki, yeye alikuwa njiani ndani ya basi, akimkimbilia, na hakumkuta hai. Miaka yote mitatu tulimpikia, tukamfariji, lakini hatukuwahi kumuuliza. Akanishika mkono akasema, "Moyo wako ukisema rudi, mwenzangu, turudi wote. Hizo picha za Kondoa zitatusubiri." Wengine wakaitikia. Fedha ya mwaka mzima walikuwa tayari kuiacha.

Jioni mume wangu akapiga tena. Ni malaria, mtoto ameanza dawa ya mseto na amelala. Asubuhi akapiga mara ya tatu: homa imeshuka, mgonjwa anadai uji. "Mama, endeleeni," akasema. "Ukiondoka sasa utafika usiku umkute amelala. Dozi nazifuatilia mwenyewe." Nikaomba kuisikia sauti ya mwanangu. Nilipoisikia, nikawaambia wenzangu tupande gari.

Tulikwenda. Huko Kolo, Kondoa, tuliona michoro ya kale ya watu na wanyama kwenye miamba, ile iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tulifika hadi Arusha. Lakini nikiulizwa niliona nini katika safari ile, kwanza nataja benchi la Nyerere Square.

Nyumbani nilikuta mabadiliko. Mume wangu sasa anajua kadi ya kliniki inawekwa wapi, na kwamba mtoto huyu hanywi dawa bila kupewa maji ya sukari baada yake. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa amejifunza kupika wali usioungua. Zamani nilidhani nyumba yangu ina nguzo moja tu, ambayo ni mimi.

Kwa mama anayetamani kujaribu, nina ushauri kidogo. Anzeni kuweka akiba mapema, hata kama ni ndogo. Zungumza na mume wako kabla majirani hawajamwambia. Muachie orodha ya dawa, namba za simu na mahali kila kitu kilipo. Chagueni wenzenu mnaoaminiana, na kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba mmoja akipata shida, ni shida ya wote. Si lazima iwe Dodoma au Arusha. Hata hapa Songea, ni wangapi kati yetu wamewahi kuingia Makumbusho ya Majimaji, wanakokumbukwa mashujaa wetu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906?

Anzia hapo, mwenzangu. Vyombo havitakimbia, na ukirudi huenda ukavikuta vimeoshwa.