Ua la Manjano Lililoleta Fitina

Masika iliyopita nilitoka Musoma kwenda Butiama kumzuru ndugu yangu, kisha tukateremka pamoja hadi Bunda penye mashamba ya pamba. Nyuma ya nyumba tuliyofikia ulisimama mmea mmoja mwembamba, na jirani alikwisha kumshutumu kijana wa nyumba ile kwamba apanda bangi. Kijana alikuwa akilia kwa fedheha.

Nikaomba tuutazame kwanza. Jani la bangi ni vijani mbalimbali vilivyokutana juu ya kikonyo kimoja. Hili lilikuwa jani moja lililopasuka kama vidole, navyo vimeungana chini. Shina lilikuwa na miiba midogo midogo. Ua lake pana, la manjano hafifu, lilikuwa na moyo wa zambarau iliyoiva, na nyuzi zenye chavua zimeshikamana kuwa mwanzi mmoja, kama katika maua ya bamia na pamba. Bangi haina ua la namna hiyo.

Mmea huu ni wa asili ya Afrika, huota na kufa ndani ya mwaka mmoja, na gome lake hutoa nyuzi za kusokotea kamba. Mwaka 1759 Linnaeus aliuita Hibiscus cannabinus, yaani wenye kufanana na bangi. Mfanano aliuona, lakini hakuichanganya mimea hiyo miwili.

Jirani akamwomba kijana radhi. Enyi vijana wetu, tazameni na ua pia kabla hamjamtia mtu aibu kwa sababu ya jani.