Ua Ambalo Jina Lake Halipotei

Nilisomea botania Dar es Salaam, na huko ndiko kamera ilikoniita. Mimea tuliyojifunzia ilikuwa imekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kama ile aliyoikusanya Mjerumani Schlieben mkoani kwetu Lindi miaka ya 1930. Umbo lipo, mishipa ya jani inahesabika, ila ua la njano limekuwa rangi ya chai. Nikaona rangi nayo inahitaji mtunzaji.

Nikarudi Nachingwea kufundisha baiolojia. Jioni na likizo zikawa za picha. Picha yangu haijakamilika mpaka mjuzi aweze kuutambua mmea: ua mbele na ubavuni, jani upande wa chini, gome, tunda. Mpingo kila mtu hapa anaujua kwa kiini chake cheusi, lakini maua yake ni wachache waliowahi kuyatazama. Ni meupe, madogo, yananukia vizuri. Sogeza lenzi uone: petali moja imesimama nyuma, mbili zimekaa ubavuni, mbili za chini zimeshikana kuficha stameni. Ni jamii ya kunde kabisa! Sijawahi kuchoka kulipiga picha ua hilo.

Njia ya Ruangwa huwa naifuata Septemba na Oktoba, miombo inapochipua majani mekundu kabla ya mvua. Wengi hudhani ni maua. Rangi ile inalikinga jani changa na jua kali, kwa hiyo napiga picha jua likiwa nyuma yake, wekundu wote uonekane.

Ila picha ninazozipenda kuliko zote ni za mikorosho. Chama cha msingi kimoja Ruangwa kiliniruhusu kuzitundika ghalani msimu wa mnada. Mzee mmoja alisimama mbele ya picha ya shada la maua, nikamwonyesha maua dume na yale yenye jinsia mbili, ambayo pekee ndiyo huzaa korosho.

"Kumbe mwalimu, yanakaa shada moja!"

Mama mmoja akauliza ule unga mweupe wa ubwiriunga unaanzia wapi. Nikampeleka kwenye picha ya machipukizi laini, kuvu lilipokuwa limeanza kutanda. Akamwita mwanawe: "Njoo uone, ndiyo maana baba yako anahimiza salfa mapema." Kisha akanigeukia: "Mwakani tupigie na ufuta, mwalimu. Kwetu majani ya juu yanajikunja, na ndani mna viwavi."

Msimu huu nimo kwenye mashamba ya ufuta.