Kipimo cha Damu ya Mtoto



Mjukuu wetu alipotimiza siku arubaini tulinuia kumtia tohara. Daktari akataka kwanza damu yake ipimwe jinsi igandavyo, nasi hatukuona neno. Walakini majibu yalipotufikia, tuliona damu ya mtoto imechukua sekunde 41 kuganda, ilhali karatasi yenyewe imeandikwa kwamba mwisho ni 36. Chini ya hesabu ile palipigwa mstari mwekundu.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulikuwa tumepata kusikia kwamba maradhi ya kutokwa damu bila kukoma aghlabu huwajia wanaume kwa upande wa mama zao. Hilo ni kweli, wala habari za maradhi hayo si za leo: al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya watu ambao wanaume wao walikufa kwa majeraha madogo. Basi tukamwuliza mkaza mwana wetu, mbele ya watu, kwao kuna ugonjwa gani. Akajibu kwa adabu, "Baba, ndugu zangu watatu wote wametahiriwa, wala hapana aliyetokwa damu kupita kiasi." Akamchukua mtoto wake, akaingia chumbani.

Tulipompelekea karatasi ile tabibu wa watoto, aliuliza neno moja tu: "Hii 36 ni ya nani?" Ilikuwa ya watu wazima.

Mtoto azaliwapo, vigandishi kadhaa vya damu yake, hasa vile ambavyo ini huvitengeneza kwa msaada wa vitamini K, huwa kama nusu tu ya vya mtu mzima. Maureen Andrew na wenzake, huko Hamilton nchini Kanada, walitangaza mwaka 1987 vipimo vya watoto wazima wa afya: siku ya kwanza damu yao iliganda kwa wastani wa sekunde 43 hivi, na ya watu wazima kwa 33 hivi. Pengo hilo hupungua mwezi baada ya mwezi. Na watoto wale hawatokwi damu ovyo, kwa kuwa viizuiavyo damu isigande navyo ni vichache kwao, na mizani hukaa sawa. (Hesabu zenyewe hutofautiana kwa maabara, maana dawa za kupimia si moja.)

Kigandishi cha 8 ndicho huwa kamili tangu kuzaliwa, nacho ndicho kipunguacho katika maradhi yale kwa wagonjwa walio wengi. Tabibu akakipima, akakiona kamili. Akapima na cha 9, akakilinganisha na cha watoto wachanga, nacho hakikuwa na kasoro. Akauliza kama mtoto alidungwa vitamini K alipozaliwa, kama kitovu kilitoka damu, na kama wajomba zake walitahiriwa salama. Hili la mwisho tulikuwa tumekwisha kuambiwa nyumbani, tusilisikilize.

Mtoto alitiwa tohara juma lililofuata, na damu ikakoma chini ya kitambaa kama ya watoto wengine. Sisi, baada ya swala ya laasiri, tulikwenda kwa wakwe zetu pamoja na mwana wetu kuomba radhi. Nyanya yake mtoto alitutilia kahawa, kisha akasema, "Mkwe, lau mngeniuliza mimi, ningewaambia."