Nani Aliinunua kwa Bei Hiyo?

Nilipokuwa mweka hazina wa chama chetu cha uwekezaji, niliwapotosha wenzangu mara mbili. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Tuliamua kuweka sehemu ya akiba yetu kwenye soko la hisa la Marekani. Nikapata kampuni moja ndogo, hisa moja dola 6. Grafu ilionyesha kwamba miaka michache nyuma hisa hiyohiyo ilikuwa dola 1,200. Nikaizungusha simu mezani kila mtu aone, nikasema ikirudi hata robo tu ya hapo, tumetoka. Mama mmoja anayeuza vitenge aliitazama ile grafu kwa muda, akaniuliza: "Mwanangu, nani aliinunua kwa bei hiyo?"

"Wenye pesa zao, mama," nikamjibu, nikaendelea na maneno yangu.

Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyeinunua. Kampuni ile ilikuwa imeunganisha hisa zake mara mbili: kwanza kila hisa 20 zikawa 1, baadaye kila 30 zikawa 1. Hisa zikiunganishwa, bei za zamani nazo hurekebishwa kwenye grafu zilingane na hisa za leo. Kwa hiyo hisa iliyouzwa dola 2 enzi zile sasa inaandikwa dola 1,200. Kilele nilichowaonyesha wenzangu kilikuwa 2 mara 600, basi.

Kuunganisha hisa peke yake hakumtajirishi mtu wala kumfilisi. Ukibadilishiwa noti kumi za shilingi mia kwa noti moja ya elfu, mfuko wako ni uleule. Citigroup iliunganisha hisa 10 kuwa 1 Mei 2011. Hisa zilipungua kutoka takriban bilioni 29 hadi bilioni 2.9, na bei ikatoka karibu dola 4.5 ikawa karibu 45. Mwaka ule ulipokwisha ilikuwa chini ya dola 27, maana hofu ya wawekezaji juu ya mabenki ilikuwa palepale. General Electric nayo iliunganisha 8 kuwa 1 mwaka 2021, na miaka iliyofuata hisa zake zikapanda sana, kwa sababu madeni yalipunguzwa na biashara ya injini za ndege ikashika kasi.

Kampuni dhaifu huwa na sababu nyingine. Katika soko la Nasdaq, hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za biashara mfululizo, kampuni hupewa onyo na inaweza kuondolewa sokoni. Kuunganisha hisa ndiyo njia ya haraka ya kujinusuru. Lakini mara nyingi idadi ya hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa haipunguzwi pamoja na zile zilizounganishwa. Nafasi hiyo hutumika kuuza hisa mpya, na fungu la mwenye hisa wa zamani likazidi kupungua. Ndiyo maana wawekezaji wazoefu wakisikia tangazo la namna hiyo huanza kuuza kabla hata siku yenyewe haijafika.

Hayo yote nilipaswa kuyasoma kabla ya kugusa pesa za watu. Niliyasoma baadaye, kampuni ilipotangaza kuunganisha tena, safari hii 10 kuwa 1. Bei ilikuwa imeanguka hadi senti 70. Baada ya kuunganishwa ikasomeka dola 7.

Mkutanoni nikasimama nikasema: "Tulinunua kwa dola 6, leo ni dola 7." Kila neno lilikuwa kweli. Kwamba hisa zetu zilikuwa zimebaki moja ya kumi, sikusema. Katika kila shilingi mia tuliyoweka, tulikuwa tumebakiwa na kumi na mbili hivi. Watu wakapiga makofi, na yule mama akapiga makofi pamoja nao.

Kampuni ilitangaza kila kitu hadharani, uwiano na tarehe. Mimi ndiye niliyeficha.

Mkutano uliofuata niliwapa hesabu yote kwenye karatasi, nikajiuzulu. Kuhusu hasara walisema kidogo, maana biashara wanaijua. Walichotaka kujua ni kwa nini niliwaacha wapige makofi. Sikuwa na jibu zaidi ya woga na aibu, na nikawaambia hivyo.

Ewe unayeshika pesa za wenzako, usiitaje bei ya hisa bila kutaja idadi ya hisa, ya jana na ya leo. Na ukiulizwa swali usilolijua, sema hujui, kisha ukalitafute kabla pesa hazijatoka. Swali la yule mama lingetosha kutuokoa.